Spika ya Mdogo Wangu

Nyumba ya baba yetu ni ya zamani, ya chini, imebanwa katikati ya maghorofa mawili Kariakoo. Vyumba vya mbele viligeuzwa fremu ya duka siku nyingi, sisi tukabaki na vyumba vya nyuma vinavyotazama uani. Duka lilikuwa la mdogo wangu. Aliuza ndoo, mabeseni, sufuria na hotipoti, jumla na rejareja, na juu ya mlango alifunga spika iliyokuwa ikirudia sauti yake mwenyewe aliyoirekodi: "Ndoo, mabeseni! Ndoo, mabeseni! Chagua mteja, karibu ndani, usiogope kuuliza!" Iliwashwa duka likifunguliwa na kuzimwa duka likifungwa. Katikati hapo ilinyamaza kwa jambo moja tu, nalo ni adhana. Mimi nimesoma Qur'ani, nimefundisha watoto wa watu, nimewaombea waliotangulia, yote hayo ndoo na mabeseni yakitangazwa upande wa pili wa ukuta. Nilishazoea, nikawa siisikii tena.

Tulizaliwa wengi. Wakati wa ugonjwa huu ninaousimulia tulikuwa tumebaki wawili, mimi na yeye. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, na watoto wangu wako mikoani. Aliyeniuliza asubuhi kama nimelala salama, na jioni kama nimekula, ni mdogo wangu na mkewe. Kwa hiyo niliposikia kwamba korona inawaelemea zaidi watu wazima wenye kisukari na presha, sikuhitaji kufikiri sana. Mdogo wangu alikuwa na vyote viwili, pamoja na mwili mkubwa. Kila baada ya swala nilimwomba Mwenyezi Mungu jambo moja: asinibakishe peke yangu.

Mwanzoni hatukuelewa kitu. Huyu alisema hivi, yule akasema vile, na kila mtu alikuwa na ujumbe kwenye simu aliotumiwa na mtu aliyetumiwa na mtu. Kila mlango wa duka uliwekewa ndoo ya koki na sabuni, na mdogo wangu akashukuru, maana ndoo ndiyo biashara yake. Hali ikatulia, watu wakasahau, ndoo zile zikawekewa viatu na miavuli. Halafu wimbi jingine likaja, nalo lilikuwa kali. Msikitini nilianza kuona nafasi za watu ninaowajua. Aliyekuwa akikaa kwenye nguzo ya kulia hayupo. Mzee aliyekuwa akifukiza udi hayupo. Janaza zilifuatana, na kila ukiuliza kilichomuua mtu unaambiwa kwa sauti ya chini, "changamoto ya kupumua." Hakuna aliyetaka kulitaja jina lenyewe. Nami niliogopa kulitaja, kana kwamba likisikia litanigeukia.

Ndipo chanjo zikaletwa, na pamoja nazo gari la matangazo.

Lilikuwa gari dogo la mizigo lenye spika mbili juu ya paa. Lilipiga muziki kwanza, kisha sauti ya mwanamke iliyorekodiwa: "Mwananchi, chanjo ni salama, chanjo ni bure, chanjo haina madhara. Fika leo kwenye hema letu." Lilipita polepole katikati ya mikokoteni, na mtaa mzima ukaendelea na shughuli zake. Mdogo wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Bure, tena kwa spika," alisema. "Huo mzigo unakaribia kuisha muda."

Mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akishika duka pamoja naye, alikuwa anafunga mabeseni kwa kamba. "Na wewe je? Si unapiga kelele kutwa nzima?"

"Mimi natangaza ndoo na mabeseni, mama watoto. Zile hotipoti za stoo umewahi kusikia nazitangaza?"

"Hapana."

"Basi. Mzigo mzuri mteja anaitwa pembeni, ananong'onezwa."

Wabeba mizigo waliokuwa wamekaa kwenye mkokoteni wao wakacheka, mmoja akasema, "Bosi kasema kweli." Na kwa mtu wa Kariakoo ilikuwa kweli. Hapa kwetu kinachopigiwa spika ni kile kilichokwama. Kitu chenye soko hakihitaji muziki. Kinafika, wanaambiwa wanaojua, kinaisha. Wale watu wa afya walitoka maofisini kwao na nia njema, Mwenyezi Mungu awalipe, lakini hawakujua kwamba kwa kufunga spika juu ya gari wametuambia sote kuwa chanjo imewadodea. Waliona watu hawafiki hemani, wakaongeza sauti. Walipoongeza sauti, watu wakazidi kusadiki kwamba mzigo umekwama. Mimi nilikuwa nikisikiliza nikiwa nimekaa ndani, tasbihi mkononi, na moyo ulikuwa ukiniuma, maana niliona mlango umefunguliwa mbele ya mdogo wangu na yeye anasimama kuucheka.

Baada ya siku kadhaa muuguzi alikuja dukani kwa miguu. Alikuwa binti wa zahanati ya jirani, Mkristo, wazazi wake watu wa Kilimanjaro, amevaa barakoa na sare nyeupe iliyoshika vumbi la mtaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti. Ndoo au beseni?"

"Nimekuja kuzungumza na wewe habari za chanjo. Naomba uzime spika kidogo tusikilizane."

"Hiyo haizimwi mpaka adhana. Paza sauti, nyinyi si mna mbili juu ya gari?"

Wabeba mizigo wakacheka tena. Yule binti akapaza sauti, akaeleza kama alivyofundishwa. Mdogo wangu alimsikiliza mpaka mwisho, maana mteja na mwuzaji wote aliwaheshimu. Kisha akamwuliza, "Sasa niambie kasoro yake."

"Haina kasoro, baba."

"Hata moja?"

"Ni salama kabisa."

Mdogo wangu akashusha ndoo kutoka kwenye rundo. "Hii ndoo, ukiijaza maji mpaka juu, mkono wake unachomoka. Namwambia kila mteja. Anayeinunua anainunua akijua. Wewe umeniletea kitu cha kuingia mwilini mwangu, halafu hakina kasoro hata moja? Basi sikitaki."

Niseme jambo hapa kwa faida ya asiyejua. Baba yetu alitusomesha vitabu vya dini kwenye baraza la nyumba hii hii. Mdogo wangu alisinzia katika mlango wa tohara, akasinzia katika mlango wa saumu, lakini mlango wa biashara aliusikiliza macho makavu. Humo tulifundishwa kwamba mwenye kuuza kitu chenye aibu, yaani kasoro, ni wajibu aionyeshe aibu hiyo kabla mnunuzi hajatoa mkono wa makubaliano. Hilo alilishika maisha yake yote. Alipunguza swala za sunna, alichelewa darasani, lakini hakuwahi kumficha mtu ufa wa beseni. Kwa hiyo alipomwuliza yule binti kasoro hakuwa anamkejeli tu. Alikuwa anampima, na binti hakujua kwamba anapimwa.

Nilipokuwa nakwenda msikitini nilipita penye hema lao. Alikuwa amekaa peke yake, viti vitupu mbele yake.

"Msamehe mdogo wangu," nilimwambia. "Ndivyo alivyo."

"Kwani nimekosea wapi, babu?"

Nikamweleza habari za baba na mlango wa biashara. Alinisikiliza akiwa ameinama. "Sisi tumeambiwa tusiwatishe watu," alisema.

"Watu wameshatishika, binti. Wanazika."

Nami sikuwa na zaidi ya hilo, adhana ilikuwa imeshaanza.

Siku chache zikapita, akarudi. Safari hii hakupaza sauti. Alivuta kreti tupu la soda, akaligeuza, akalikalia karibu kabisa na kiti cha mdogo wangu.

"Baba, nimekuja na kasoro."

Mdogo wangu akaweka chini kikombe chake cha kahawa. Spika haikuzimwa, kwa hiyo ilimbidi ainame ili asikie, na yeye binti akainama pia, wakawa kama watu wanaopatana bei ya mzigo wa siri. Mimi nilikuwa mlangoni na nilisikia vipande vipande. Mkono utauma. Homa unaweza kupata, na uchovu wa siku moja mbili. Wapo watu wachache waliopata matatizo makubwa zaidi, ndiyo maana ukishachomwa unakaa kwanza tukuangalie. Ukichanjwa bado unaweza kuugua, ila kuugua mpaka kukosa pumzi kunakuwa nadra zaidi.

"Na yapo mambo ukiniuliza," alimaliza, "nitakujibu sijui."

Mdogo wangu aliegemea nyuma. "Ungeanza na hayo siku ile, tusingesumbuana."

Mimi nilichanjwa siku hiyo hiyo. Mkono uliuma usiku kucha, na asubuhi nilipomwambia mdogo wangu alipiga makofi: "Kasoro imethibitishwa!" Lakini yeye hakwenda. Alikuwa na kontena lake bandarini, mzigo wa hotipoti aliousubiri kwa muda mrefu, na alikuwa na hofu kwamba homa itamlaza siku ya kushusha.

"Kontena likishushwa tu, nakuja," alimwambia binti. "Nakuahidi mbele ya kaka yangu."

"Baba, ugonjwa hausubiri kontena."

"Na kontena halisubiri ugonjwa, binti yangu. Tuombe Mungu vyote viwili viwe na subira."

Tangu hapo binti alipita kila siku akienda hemani. Hakuwa akiingia. Alisimama nje na kuuliza, "Limeshuka?" Mdogo wangu alijibu, "Bado!" Wabeba mizigo wakaizoea, wakawa wao ndio wanaojibu kwa pamoja kabla yake, "Bado, nesi!" Palikuwa na kicheko. Nilicheka pia, kisha nikarudi ndani kwenye dua yangu ile ile. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Bandarini kulikuwa na karatasi fulani inayosubiriwa, kisha lori likakosekana, kisha ikawa Ijumaa.

Watu wengine wa mtaa walikuwa wameanza kwenda hemani, mmoja mmoja, kimyakimya. Binti alikuwa akikaa kwenye makreti ya maduka mbalimbali, akiwainamia wenye maduka. Gari la matangazo halikuonekana tena upande wetu. Sijui kama yeye ndiye aliyewaambia wenzake waliondoe.

Kontena likashuka. Mdogo wangu alisimamia mwenyewe, barakoa imening'inia kidevuni, katikati ya watu waliobanana wakipokezana maboksi kutoka barabarani hadi uani. Jioni alikuwa na furaha kama bwana harusi. Binti alipopita, alimpungia mkono: "Limeshuka! Kesho nipange maboksi, keshokutwa niko kwako."

Keshokutwa aliamka na kikohozi.

Binti alimkuta na homa, akamwambia kwamba mwenye homa hachanjwi, apumzike, wamwangalie. Siku za mwanzo alikuwa analala na kuamka, akitoa amri za duka kutoka kitandani. Shemeji yangu alichemsha mwarobaini, mchaichai na malimao, akamfunika blanketi, akamfukiza. Majirani walituletea tangawizi. Walituambia pia, kila mmoja kwa wakati wake na kila mmoja akiangalia nyuma kwanza, kwamba tusimpeleke hospitali. "Wanaoingia pale hawatoki." Tulikuwa tumewaona wenyewe. Jirani yetu wa mtaa wa pili aliingia kwa miguu yake, akatolewa amebebwa.

Halafu pumzi ikaanza kumwisha. Sijui niieleze vipi. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na maneno yakaanza kutoka moja moja, katikati yake pakiwa na kifua kinachopanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbia. Midomo ilibadilika rangi. Nilimsomea. Niliweka mkono kifuani pake na nikasoma kila nilichokijua, na chini ya kiganja changu nilihisi anavyohangaika, na kutoka upande wa pili wa ukuta sauti yake nzima, yenye pumzi tele, ilikuwa ikisema karibu ndani, usiogope kuuliza. Hapo niliisikia spika ile baada ya miaka mingi ya kutoisikia. Nilitoka uani nikalia mahali ambapo shemeji asingeniona. Baada ya swala ya alasiri nilikwenda hemani kumwita binti.

Alikuja mara moja. Alisimama kwanza kando ya mlango, akasalimia, akaona sufuria ya majani na blanketi. Nilifikiri atatugombeza. Alimwambia shemeji, "Mama, mvuke umemfungua pua, umefanya ulivyoweza. Ila shida yake sasa iko ndani zaidi, kwenye mapafu, na ukimfunika anakosa hewa. Tumfunue." Wakamfunua pamoja. Akamvisha kidoleni kile kifaa cha kupima hewa kwenye damu. Akakitazama, akakivua, akamvisha kidole kingine, akakitazama tena.

Mdogo wangu alikuwa anamwangalia. "Kasoro," alisema. Kisha akavuta pumzi. "Niambie."

Yule binti alivuta ndoo, moja ya zile ndoo za dukani, akaigeuza na kukaa, uso wake ukiwa usawa wa uso wa mgonjwa.

"Baba, hewa kwenye damu yako ni kidogo sana. Ukibaki hapa, mimi sioni ukipona. Hospitali kuna oksijeni. Lakini sitakudanganya. Wapo wanaoingia wakatoka, na wapo wanaoingia hawatoki. Nimewaona wote. Sijui wewe utakuwa yupi."

Shemeji yangu alishika kichwa. "Jamani, binti! Ndiyo maneno ya kumwambia mgonjwa?"

Lakini mdogo wangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Ilimchukua muda kupata pumzi ya kusema. "Mwache. Huyu... ameuza vizuri." Kisha akasema, "Nipeni shati."

Nilimsikia binti kwenye simu uani akiwaambia wenye gari la wagonjwa wasubiri kona ya mtaa, na wasipige king'ora. Mdogo wangu alikataa kutolewa kwa mlango wa uani. Alipita dukani mwake, shati limefungwa vifungo vyote, mimi nikiwa upande mmoja na mkewe upande wa pili, kama vile tunazungumza naye tu. Wabeba mizigo walisimama.

"Vipi bosi?"

"Sukari," alijibu. "Napima."

Penye mlango alisimama, akainua macho kuiangalia spika. Akamwinamia mkewe. "Usiizime," alisema. "Wakisikia kimya... watasema nimekufa."

Pale hospitali hatukuruhusiwa kuingia wodini. Tulikaa nje ya uzio pamoja na watu wengine, wenye mikeka, wenye vikapu vya uji, wenye rozari na wenye tasbihi. Mara kwa mara mfanyakazi mmoja alitoka na kusema kwa sauti kubwa, "Wagonjwa wote wanaendelea vizuri, kuweni na subira." Alikuwa mtu mpole na nadhani alituonea huruma. Lakini asubuhi moja alisema hivyo, na muda mfupi baadaye mama aliyekuwa amekaa karibu yangu akaitwa ndani kupewa nguo za mwanawe. Baada ya hapo alipotoka kusema wote wanaendelea vizuri tulimtazama tukashika vifua. Hakuna neno lililotutesa kama lile la vizuri.

Namshukuru Mungu kwamba zahanati ya mtaani kwetu ilikuwa imetoa wauguzi wake kusaidia wodini, na binti wetu alikuwa mmoja wao. Akimaliza zamu alikuja penye uzio, alama za barakoa zimemkaa mashavuni, akatuita kwa ishara. "Leo amekunywa uji," alisema siku moja. "Ameniuliza kama hotipoti zinatoka." Siku nyingine alisema, "Leo hewa imeshuka. Wameongeza oksijeni. Sijui kama itatosha." Shemeji yangu, aliyekuwa amemkasirikia nyumbani, sasa alikuwa anamsubiri yeye tu. "Afadhali huyu anayesema sijui," aliniambia. "Nikisikia sijui yake, najua niombe nini."

Tukaomba. Sitasema tuliomba vipi. Nimefundisha watu dua maisha yangu yote, na siku zile maneno ya vitabu yalinikimbia, nikabaki na neno moja tu, tafadhali, kama mtoto anayelilia kitu dukani. Zamu kwa zamu mmoja wetu alirudi kulifungua duka, kwa sababu ya spika. Wateja walikuja wakaulizia, "Bosi yuko wapi?" Tukajibu amepumzika. Sauti yake ilikuwa ikiwaambia chagua mteja, nao wakaamini.

Siku ile tulikuwa sote wawili dukani. Shemeji alikuwa anamfungia mteja ndoo, mimi nimekaa kwenye kiti cha mdogo wangu. Jua halijafika katikati, na adhuhuri ilikuwa bado. Nilimwona binti anakuja kutoka mwisho wa mtaa, kwa miguu, katikati ya mikokoteni na kelele za "pisha, pisha, mzigo!", bado yuko kwenye sare ya wodini. Hakupiga simu. Nilijua, na bado nilijiambia labda amekuja kuchukua kitu.

Alisalimia. Alisubiri mteja aondoke. Kisha akamwambia shemeji, "Mama, naomba tuzime spika."

Shemeji aliniangalia. Mimi sikuweza kumsaidia kwa lolote. Alinyoosha mkono kwenye swichi, akauacha pale, akaiacha sauti imalize: karibu ndani, usiogope kuuliza. Ndipo akazima.

"Baba amefariki asubuhi hii," binti alisema. "Nilikuwepo. Nilimshika mkono."

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Nilisema hivyo na nikawa narudia, sikujua la kufanya baada yake.

Shemeji hakulia wakati ule. Aliuliza, "Aliteseka?"

"Ndiyo, mama. Usiku aliteseka. Mwishoni alikuwa amelala."

"Asante kwa kuniambia."

Nje, wale wabeba mizigo walikuwa wameacha kusukuma mkokoteni. Mmoja alitazama juu kwenye spika, kisha akatutazama sisi ndani, akavua kofia. Hatukuwa tumemwambia kitu. Mwenye duka la mapazia upande wa pili wa barabara alitoka na kusimama mlangoni pake, kisha jirani yake, na wakaanza kuvuka kuja kwetu.

Kabla hawajafika, binti alisema kwa sauti ya chini, "Mama, wataniuliza. Mnataka niseme nini?"

Shemeji yangu alikaa kwenye kreti. Nilidhani atasema presha. Familia nyingi zilisema presha, na sizilaumu, msiba una aibu zake. "Yeye hakuwahi kumficha mtu ufa wa ndoo," alisema. Kisha akanigeukia. "Shemeji, wewe ndiye utakayesimama mbele ya jeneza. Waambie ni korona. Waambie na habari ya kontena."

Tulimzika siku ile ile, watu wachache, kama tulivyoelekezwa. Nilikuwa nimemwomba Mwenyezi Mungu asinibakishe peke yangu, naye kwa hekima yake amenibakisha, na ninamshukuru kwa miaka aliyonipa pamoja na mdogo wangu, ingawa zipo asubuhi ambazo shukurani hiyo ninaivuta kama mzigo mzito. Kabla ya swala nilisimama mbele ya jeneza. Mtu mmoja aliniletea kipaza sauti cha msikiti, nikamrudishia. Nilisema kwamba mdogo wangu ameuawa na korona. Nilisema chanjo alielezwa na kasoro zake zote akazikubali, na kwamba alikuwa akisubiri kontena lishushwe. Nilisema polepole, kwa sauti niliyokuwa nayo, na wale waliokuwa nyuma waliacha kuzungumza ili wasikie.